Uzi Uko Mkononi mwa Nani?

Mwezi uliopita mchoraji mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, aliniomba nimsaidie kujaza fomu. Alikuwa anaomba nafasi ya kwenda kuchora Ulaya kwa miezi mitatu, na fomu ilimtaka aorodheshe hatua kubwa za maisha yake ya kazi. Tukaketi uani kwao chini ya mwembe, yeye akisoma kutoka kwenye daftari, mimi nikigeuza maneno yake kuwa Kifaransa cha ofisini. Hatua zilikuwa saba. Bango la chanjo. Michoro ya kijitabu cha usafi wa maji, cha shirika ambalo halikuandika jina lake hata kwa herufi za sisimizi. Maonyesho ya pamoja, mara mbili. Cheti cha warsha ya siku tano. Picha nne zilizonunuliwa na Mbelgiji aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Jalada la diwani ya mwalimu mmoja wa sekondari.

Mezani, kati ya fomu na kikombe cha chai, kilikuwapo kitu cha nane. Kitabu cha kurasa 32, kidogo cha kushikwa kwa mkono mmoja, kimeshonwa kwa uzi wa fundi viatu. Jalada lake ni karatasi ya mfuko wa simenti iliyogandishwa tabaka tatu, na mgongoni kimezungushiwa kipande cha kitenge. Ndani ni habari za bibi yake, aliyeshuka kwenye treni Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, akiwa na kuku mmoja na masufuria mawili. Kila picha imechorwa kwa wino na kupakwa rangi kwa mkono. Nakala 12. Nikamuuliza mbona hiki hakimo kwenye orodha.

"Yaya, ile haiko kazi," akaniambia; yaya huku kwetu ni kaka au dada mkubwa. "Ni michezo yangu tu."

Tangu siku ile nimekuwa nikibishana naye kichwani. Katika vitu vile vinane, saba viliamuliwa na mtu mwingine: picha ziwe ngapi, zifuatane vipi, maneno gani yakae chini yake, nani atajwe na nani asitajwe, bei iwe ngapi. Kimoja tu ndicho alichokiamua mwenyewe, tangu ukurasa wa kwanza hadi fundo la mwisho la uzi, na ndicho hicho alichokiacha nje. Simlaumu peke yake. Kwa karibu miaka mia sasa, huku kwetu Katanga tumezoea kupima ukubwa wa mchoraji kwa umbali ambao karatasi yake imesafiri bila yeye.

Habari yenyewe ilianzia Bukama. Reli kutoka huku Lubumbashi ilifika pale mwaka 1918. Miaka minane baadaye, 1926, ofisa wa kikoloni aitwaye Georges Thiry aliona nyumba zenye kuta zilizochorwa, na mmoja wa wachoraji wake alikuwa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora, mkewe Antoinette naye akachora. Karatasi zikapelekwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa wizara ya makoloni aliyekuwa na mapenzi na sanaa. Mwaka 1929 zikaonyeshwa pale pale Brussels, mwaka uliofuata Geneva. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano yalikuwa yamekatika. Mwaka 2015 michoro ya Lubaki ilitundikwa Paris, katika maonyesho ya jumba la sanaa la Fondation Cartier yaliyohusu sanaa ya Kongo tangu 1926.

Bukama, Brussels, Geneva, Paris. Kwa kipimo cha fomu ile, hakuna mchoraji wa Katuba atakayemfikia. Lakini nani hasa alisafiri? Ukuta wa nyumba hauendi popote. Anayetaka kuuona hufunga safari, hupiga hodi, husalimia, huletewa kiti. Ukuta una kona ya kuanzia na kona ya kuishia, na mwenye nyumba yupo pale kukueleza kwamba yule nyoka ni nyoka gani. Karatasi moja moja haina mwenyeji. Ukiwa nazo hamsini unaweza kuzipanga utakavyo, ukauza kumi, ukatoa zawadi tano, ukapoteza mbili, na hakuna atakayesema kuna kitu kimevunjika. Lubaki alipewa karatasi, na karatasi ilimpa macho ya watu wengi. Mpangilio wa ukuta wake ulibaki Bukama, ukanyeshewa mvua.

Kuna jambo dogo katika habari hizi ambalo hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mwenzake Lubaki katika safari hiyo ya karatasi alikuwa Djilatendo, wa jimbo la Kasai. Mwaka 1931 hadithi zilizotolewa kwa jina la Badibanga zilichapwa kitabu Brussels, nacho kikapambwa kwa michoro ya Djilatendo. Sasa, Djilatendo kazi yake ilikuwa nini? Alikuwa fundi cherehani. Mtu aliyeshika sindano na uzi kila siku ya Mungu, aliyejua kukata, kukunja na kushona kwa mstari ulionyooka, aliombwa picha tu. Kushona kitabu walishona wengine, Ubelgiji.

Sitakaa sana kwenye miaka ya Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, na karakana yake ya wachoraji aliyoifungua Elisabethville mwaka 1946. Kila anayeandika juu ya sanaa ya mji huu huanzia hapo na wengi huishia hapo hapo. Mchoraji Pilipili na samaki wake, Mwenze na mistari yake iliyosukwa kama mkeka, Bela aliyechora kwa ncha za vidole: ni mabwana wakubwa, na kazi zao zilifanywa zitundikwe. Ninachokitafuta mimi ni kazi iliyofanywa ifunguliwe.

Hapo ndipo Tshibumba Kanda Matulu anapoingia, ingawa watu humhesabu kuwa mchoraji wa turubai. Alizaliwa mwaka 1947 mji huu huu. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akauza picha moja moja kwa watu wa hapa, waliozitundika sebuleni. Wanunuzi walijua wanachokitaka, na kila mmoja alitaka picha moja. Lakini Tshibumba hakujiona mchoraji wa picha moja. Alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, na katika miezi iliyofuata akamchorea historia yote ya nchi, tangu kabla ya wakoloni hadi siku zijazo alizoziogopa. Picha zilifika 101. Alizileta kwa mafungu, na kila fungu alilisimulia kwa Kiswahili chetu huku kinasa sauti kikizunguka.

Ukisoma maandishi ya mazungumzo yale unamsikia mtu anayefunua kurasa. Hii inakuja mbele ya ile. Hii uliiona juzi, sasa tazama kilichofuata. Kwa maoni yangu Tshibumba alikuwa anatengeneza kitabu na alikosa uzi tu. Kitabu chenyewe kilitoka Marekani mwaka 1996, kwa Kiingereza, kwa jina la Fabian jaladani. Picha ziko jumba la makumbusho Amsterdam. Na Tshibumba mwenyewe habari zake zilipotea tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Fabian simrushii mawe. Bila yeye picha zile zingekuwa zimetawanyika sebule mia moja, nyingine zimeliwa na mchwa, na ni yeye aliyeyaweka maandishi ya Kiswahili kwenye intaneti, ambako mtu wa mtaa wa Kamalondo mwenye simu na vifurushi anaweza kuyasoma leo. Ninasema tu kwamba mpangilio, ule ambao Tshibumba aliupigania picha baada ya picha, ulihitaji profesa ili ushonwe.

Na wakati huo huo mji ulikuwa tayari na mfano wa pili. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla Elisabethville haijaitwa Lubumbashi, André Yav, kwa niaba ya chama cha wafanyakazi wa nyumbani, aliandika historia ya mji kwa macho ya waliokuwa wakipika na kufua katika nyumba za wazungu. Kichwa chake ni cha Kifaransa, matini yake ni Kiswahili cha mji. Ilipigwa taipu, ikatolewa nakala, ikapita mikononi. Haikuwa na mchapishaji wa maana yoyote inayokubaliwa na fomu, wala haikuwa nzuri kwa macho. Lakini ilikaa pamoja: ukurasa wa kwanza ulifuatwa na wa pili, kama wenyewe walivyotaka. Fabian alipokuja kuitoa kwa wasomi mwaka 1990, alikuta kitu kizima. Maswali ya nani alitangulia na nani alifuata yalikuwa yameshajibiwa na watu wa chama cha wafanyakazi wa nyumbani.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka mchoraji wa Katuba aione. Tuna mazoea ya kusema kitabu cha mkono ni kizuri kwa sababu kina joto, kina alama za vidole, kinanukia gundi. Ni kweli, nami nakinusa kama mtu mwingine yeyote. Ila joto halimlishi mtu wala halimlindi. Nakipendea jambo lingine: kukishona ni kutamka kwamba hizi picha ni kitu kimoja na mwenyewe ni mimi.

Tena kushona humfundisha mchoraji mambo ambayo bango haliwezi kumfundisha. Nilimwomba anionyeshe alivyofanya. Unachukua karatasi nane, unazigawa nne nne, unakunja kila fungu katikati: unapata mikunjo miwili ya kurasa 16. Mara tu ukikunja, mambo yanakuwa ya ajabu. Ukurasa wa 2 uko karatasi moja na ukurasa wa 15, upande mmoja, ingawa katika hadithi vimeachana mbali. Ukipaka rangi nyingi huku, maji yanavuja kule. Picha ya kutandazwa kurasa mbili unaweza kuichora popote, lakini mahali ambapo karatasi ni moja isiyokatika ni katikati ya kila mkunjo tu, yaani kurasa za 8 na 9, kisha 24 na 25. Kwingineko kote picha yako itakatwa na pengo, na ukikosea hata kidogo, pua ya mtu itahamia sikioni.

Akafungua kurasa za 8 na 9. Ndipo alipoiweka treni. Mabehewa mawili, moja kila upande, na pale katikati ambapo uzi mweusi wa fundi viatu unatokeza, uzi wenyewe ndio mnyororo unaoshika behewa na behewa. Nilikaa kimya kidogo. Nimeona vitabu vya watoto vilivyochapwa kwa fedha nyingi, karatasi inayong'aa, rangi nne, na sijaona mchoraji aliyepewa nafasi ya kuamua uzi utokee wapi. Hapewi kwa sababu haulizwi. Anatumiwa matini, anarudisha picha, mtu asiyemfahamu anazipanga kwenye kompyuta.

Vilevile kuna kule kufunua. Ukurasa wa kulia, bibi amesimama mlangoni mwa behewa na kuku wake, anatazama kitu ambacho sisi hatukioni. Unafunua. Umati. Vichwa tu, makofia, mizigo, bomba la kiwanda kwa nyuma. Hofu ya bibi inaingia wakati kidole chako kinashika kona ya karatasi, na karatasi ya mfuko wa simenti hutoa sauti inapogeuzwa, kama mtu anayesafisha koo. Msukumo wake aliupata wapi? Alinijibu bila mapambo: kwa mama yake, anayehadithia habari hiyo kila mara kwa kuisitisha hapo hapo mlangoni mwa behewa na kuongeza maji kwenye sufuria kwanza. Ukurasa umeiga mapumziko ya mama.

Haya si mambo mageni katika lugha yetu. Pwani ya Waswahili iliandika na kunakili vitabu kwa mkono muda mrefu kabla mashine ya kuchapa haijashushwa bandarini. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na Siyu walinakili misahafu yenye mapambo ya rangi. Aliyetaka kitabu alikwenda kwa mwandishi, akakaa akisubiri.

Na shaba yetu! Hapa naomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walichapa picha zao kwa mabamba ya shaba. Mwingereza William Blake, aliyekuwa fundi wa kuchonga mabamba kwa riziki yake, mwishoni mwa miaka ya 1780 alianza kuyatumia mabamba hayo kujitengenezea vitabu vyake, maneno na picha kwenye bamba moja. Akachapa kwa mashine yake ya nyumbani, na mkewe Catherine akamsaidia kupaka rangi nakala moja moja. Hakutajirika. Sisi tulianza kuyeyusha shaba mji huu mwaka 1911. Tunayo mafundi wanaogonga mabamba ya shaba yenye vichwa vya wanawake na ramani ya Kongo, wanauzia wageni. Mawe ya malakiti, ambayo yakisagwa hutoa rangi ya kijani iliyotumiwa na wachoraji wa kale, tunayachonga vibakuli vya majivu ya sigara. Kutoka nyundo ya fundi shaba hadi bamba la kuchapia kitabu si mbali. Bado sijaona aliyekivuka kipande hicho cha njia.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana nilishausikia. Mwenzangu mmoja gazetini alinikatiza: nakala 12 ni anasa. Mtoto wa mtaa wa Ruashi anataka kitabu cha bei ya mkate, na mchoraji anataka kodi ya nyumba. Kila nakala ilimchukua kijana siku mbili. Akiiuza bei inayolipa siku mbili, jirani yake hawezi kununua. Akiiuza bei ya jirani, afadhali akapake rangi vibao vya saluni.

Hesabu hiyo siipingi. Hata hivyo wapo walioipigia hesabu nyingine. Buenos Aires, mwaka 2003, baada ya uchumi wa Argentina kuanguka, kikundi kiitwacho Eloísa Cartonera kilianza kununua maboksi kwa waokota taka kwa bei nzuri kuliko ya soko, kikayakata kuwa majalada, kila moja likapakwa rangi kwa mkono, ndani kurasa za kawaida. Kwa hiyo mkono ulibaki pale ambapo jicho linatua kwanza. Huko Chennai, India, Tara Books wana karakana inayochapa vitabu vya michoro kwa skrini, rangi moja baada ya nyingine, na kuvishona kwa mkono, nakala kwa maelfu. Mmoja wa wachoraji wao, Bhajju Shyam, wa kabila la Wagondi, aliwahi kuwa mlinzi wa usiku. Mwaka 2018 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Na bila kuvuka mpaka wowote, Kinshasa, Papa Mfumu'eto alijichorea, akajiandikia na kujiuzia vitabu vyake vya katuni kwa Kilingala mitaani, karatasi ya ovyo, bei ya chini, miaka ya 1990 nchi ikiporomoka. Hakusubiri fomu.

Jibu langu kwa yule wa gazetini linapitia kwa Beatrix Potter, Mwingereza aliyeandika na kuchora vitabu vya watoto. Wachapishaji walimkatalia hadithi yake ya sungura. Mwezi Desemba 1901 akajilipia nakala 250 kwa ukubwa alioutaka, unaoenea katika mkono wa mtoto. Mwaka uliofuata mmoja wa wale waliomkatalia akakichapa, akiwa tayari na kitabu mkononi cha kujadili. Nakala 12 za Katuba haziwezi kumfikia mtoto wa Ruashi, lakini zinaweza kwenda mahali pamoja ambapo zile kazi saba za kwenye orodha hazifiki: mezani pa mchapishaji, zikiwa kitu kizima. Ukipeleka picha utaulizwa una nyingine. Ukipeleka kitabu utaulizwa bei ya haki za kukichapa, na hapo ndipo mazungumzo ya watu wazima huanza.

Nitakubali jambo moja bila ubishi. Kitabu cha mkono kina kiburi chake. Wapo wanaoshona kwa sababu tu hawataki kuambiwa kwamba ukurasa wa 12 ni mbovu. Mchoraji wangu ana ukurasa wa 12 mbovu, bibi ana mikono mitatu, nami nilimwambia. Mhariri mzuri angeliona hilo mapema. Basi na ashone, halafu amtafute mhariri. Kinyume chake ndicho tulichokifanya miaka yote hii.

Nilimweleza haya yote uani, kwa maneno machache kuliko hapa, maana jua lilikuwa linazama na umeme ulikuwa umekatika. Hakusema nimeshinda. Alivuta fomu, akaandika nambari 8 kwa kalamu yake mwenyewe. Chini yake palikuwa na visanduku vitatu: jina la kitabu, mchapishaji, idadi ya nakala. Kwenye cha kwanza akaandika jina la bibi yake. Kwenye cha pili alikwama, akaniangalia, kisha akaandika jina la avenyu yao na namba ya nyumba. Kwenye cha tatu akaandika 12, akaikata.

"Kumi na moja," akasema. "Mama alishakukamata moja."